Ua Jeupe la Kando ya Barabara

Miaka michache iliyopita, nikifundisha shule moja ya msingi karibu na Rongo, niliwaadhibu vijana sita waliochelewa gwaride kwa kuwaamuru wang'oe magugu nyuma ya vyoo. Waling'oa kwa mikono mitupu. Siku ya pili wawili walikuja wamevimba kope na vidole, ngozi ikiwawasha. Nilidhani ni upupu. Kumbe ni gugu lenye majani yaliyochanika na vijiua vyeupe, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisifu kwa uzuri wake.

Gugu hilo ni la jamaa ya alizeti, nalo huishi msimu mmoja tu. Wataalamu huliita Parthenium hysterophorus. Wenzetu wa Arusha wamelipa jina linaloeleweka zaidi, gugu karoti. Asili yake ni Amerika, pande za Ghuba ya Mexico. Huko India lilitambuliwa mjini Pune mwaka 1955, na leo limeenea nchi nzima. Huchanua kiasi cha mwezi mmoja baada ya kuota, na mche mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Chavua yake huleta pumu.

Je, makao yake hapa kwetu ni yapi? Jibu linatutia haya. Penye nyasi nene husongwa, likashindwa kustawi. Hustawi pale tulipokwangua: kingo za barabara, machimbo ya mchanga, malisho yaliyotafunwa hadi udongo, na viwanja vya shule tunavyovifyeka bila kusaza.

Hebu mwanafunzi aitazame ramani. Barabara kuu itokayo Kisumu na Kisii hufika Rongo. Hapo njia moja hushika Homa Bay, nyingine huendelea Migori hadi Isebania mpakani. Malori ya ng'ombe na ya mchanga hupita humo, na mbegu husafiri katika matope ya magurudumu. Ng'ambo ya Homa Bay kuna bonde la Lambwe, na humo Hifadhi ya Taifa ya Ruma, makao ya mwisho ya korongo (swala, si ndege) katika Kenya. Gugu hili likishika malisho yale, korongo hana pa kuhamia.

Serikali ililitangaza kuwa gugu hatari mwaka 2010. Mwaka huohuo katiba mpya ikakabidhi kilimo kwa kaunti, huku barabara kuu zikibaki mikononi mwa serikali ya taifa. Basi mche ulioota kando ya lami ni wa Nairobi. Mbegu yake ikiangukia shambani, hatua tatu tu, ni ya Migori. Kila mmoja humngoja mwenziwe.

Walimu wenzangu, ling'olewe kabla ya kuchanua, ardhi ikiwa bado na unyevu wa mvua, na kwa glavu. Mtoto asitumwe kamwe kama adhabu.

Vijana wale walipona. Pale nyuma ya vyoo tuliziacha nyasi ziote. Mwalimu mkuu alikasirika, akasema ni uchafu.