Mkato Huu ni Halali

Katika nchi yetu neno "mkato" limechafuka. Apitaye njia ya mkato hudhaniwa kuwa ametoa mlungula, au amemjua mkubwa, au amepitisha bidhaa zake usiku katika bandari bubu. Leo tunautetea mkato mmoja ulio halali, usiotaka fedha wala jamaa ofisini: mkato wa kutafuta habari katika intaneti.

Hivi karibuni, katika ofisi moja ya umma kwenye pwani hii ya Bagamoyo, tulimshuhudia mzee wa kisiwani aliyevuka bahari kufuata fomu na maelezo ya ada yake. Karani, kijana mwenye adabu, alimpa kiti, kisha akaandika jina la idara katika kompyuta. Yakamjia matangazo ya biashara. Akafungua tovuti ya kwanza, ikawa ya vishoka wanaouza fomu ambayo Serikali huitoa bure. Akarudi nyuma, akaanza upya. Adhuhuri iliingia, bando likaisha, na mzee akaambiwa arudi kesho. Lakini kesho ya mtu wa kisiwani si sawa na kesho ya mtu wa mjini. Kwake kesho ni nauli, ni malazi, tena ni kungoja upepo na maji.

Hatumlaumu kijana yule, maana hakuna aliyemfundisha. Tunalaumu desturi ya kumpa mtumishi kompyuta na kudhani kuwa tumekwisha kumpa na maarifa yake.

Aliyesoma chuoni atatuelewa upesi. Msahafu una sura 114. Atafutaye Yasini haanzi kufunua kutoka Alhamdu, ukurasa kwa ukurasa. Anajua kuwa ni sura ya 36, naye huiendea moja kwa moja. Kivinjari cha intaneti nacho kina njia kama hiyo.

Anwani zinazoishia kwa go.tz zimetengwa kwa taasisi za Serikali, na ofisi nyingi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nazo huzitumia. Basi anayetumia Google na aandike site:go.tz bila kuacha nafasi ndani yake, kisha aache nafasi moja na kuandika anachokitaka, kwa mfano: site:go.tz leseni ya uvuvi. Majibu yatakayokuja yatatoka katika tovuti za Serikali, ila matangazo ya kulipiwa yanaweza kujipenyeza juu, hivyo anwani isomwe kabla ya kufunguliwa. Nahodha anayetaka utabiri wa bahari aandike site:meteo.go.tz, ambayo ni anwani ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mzazi anayefuata habari za mitihani aandike site:necta.go.tz. Njia hii hufaa hata katika simu ya mkononi.

Mwenye kompyuta anaweza kufupisha zaidi. Katika Chrome, afungue mipangilio, aende sehemu ya injini za kutafuta, na kuongeza tovuti anayotaka kutafuta ndani yake. Ataulizwa mambo matatu: jina, neno fupi na anwani. Neno fupi na liwe sk, na anwani iwe https://www.google.com/search?q=site:go.tz+%s, ambapo alama ya %s hushika mahali pa neno litakalotafutwa. Katika Firefox, anwani hiyo hiyo huhifadhiwa kama alamisho na kupewa neno lake fupi. Tangu siku hiyo, karani atabonyeza Ctrl pamoja na L, ataandika sk, ataacha nafasi, ataandika "leseni ya uvuvi", na kubonyeza Enter. Akikuta waraka mrefu, Ctrl pamoja na F itampeleka kwenye neno analolitaka ndani ya ukurasa. Kazi hii ya kuandaa ni ya dakika chache tu, na hufanywa mara moja.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo madogo, na kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Methali hiyo ni ya kweli kwa apoteaye kwa miguu yake mwenyewe. Karani anapopotea, anayechoka ni mwananchi aliyekaa mbele ya meza yake.

Taifa hili halikudharau mambo madogo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wazee wetu wakashika kalamu kwa mara ya kwanza. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi kuzunguka redio, vijijini kote, wakajifunza kuchimba vyoo na kuua mazalia ya mbu. Kisomo cha leo ni pamoja na kujua kuutafuta ukweli katika mtandao bila kunaswa na matapeli.

Hata hivyo, msako hauwezi kuleta kisichowekwa. Tunawaambia ndugu zetu maofisa waziwazi: waraka uliopigwa picha na kupandishwa kama picha ni vigumu kupatikana kwa msako. Fomu iliyobaki katika kabati la mkuu wa idara haina mkato wa kuifikia. Na tovuti inayobadilishiwa anwani kila baada ya muda huwapoteza hata waliokwisha kuijua njia. Nyaraka na ziandikwe kwa maandishi yanayosomeka, kwa Kiswahili, na ada zitajwe bila kificho.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkanya kiongozi asiwe na kiburi wala dharau kwa watu. Siku hizi dharau haiji kwa matusi. Huja kwa neno "rudi kesho".

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila ofisi ya umma, kuanzia Bagamoyo hadi Mafia, Unguja na Pemba, itenge asubuhi moja ya kuwafundisha makarani wake mikato hii, na kubandika maelezo yake ukutani ili wananchi nao wajifunze wakingoja zamu. Gharama yake ni karatasi moja. Faida yake ataijua mzee wa kisiwani, atakapopata fomu yake asubuhi na kukiwahi chombo cha kurudi kwao siku hiyo hiyo.