Mongolia ya Ndani, Ndani ya Nini?

Kutoka Beijing, kwenu ndugu wa Tanga, na nyinyi mliotawanyika Mombasa na Muscat. Masomo ya mwenzenu yanakwenda, na safari ya Agosti sasa ina sura.

Mnajua ilivyoanza. Shangazi alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba, sita za salamu na moja ya ombi. Akija China hataki kuonyeshwa maghorofa, maana maghorofa hata Dar yapo. Anataka majani yasiyo na mwisho, farasi, na mahema ya watu wa Genghis Khan. Kisha, karibu na mwisho, akauliza: "Na hiyo Mongolia ya Ndani, ni ndani ya nini?"

Hapa bwenini walicheka. Lakini swali lina haki yake, na jibu lake ni refu kuliko walivyodhani waliocheka.

Mongolia ni mbili. Iko nchi huru, ambayo mji wake mkuu ni Ulaanbaatar. Na liko jimbo la China lililoundwa tarehe 1 Mei 1947, lililojinyoosha kando ya mpaka wa kaskazini kama mkanda. "Ndani" na "nje" ni maneno ya nasaba ya Qing iliyotawala China: Wamongolia wa kusini, walioitambua nasaba hiyo mwaka 1636, wakahesabiwa wa ndani, wa kaskazini, waliojisalimisha mwaka 1691, wakabaki wa nje. Wenyewe kwa lugha yao husema Övör, yaani upande wa mbele, upande wa kusini ambako mlango wa hema hutazama jua. Na hapa shangazi akae vizuri kitini: Wamongolia wa jimbo hili walipita milioni 4 katika sensa ya 2020, wengi kuliko wakazi wote wa nchi huru ya Mongolia. Ila humo jimboni hawafiki hata mmoja kati ya watu watano, kwani jimbo zima lina watu milioni 24 na walio wengi ni Wachina wa Han.

Safari inaelekea Hohhot, mji mkuu wa jimbo hilo. Mwenzenu alikwisha kwenda mara moja, na alipigwa, kama wasemavyo vijana. Yeye na wenzake wa darasani walinunua ziara ya siku moja kwa wakala waliyempata mtandaoni. Basi liliondoka alfajiri, likasimama kwenye maduka mawili ya ukumbusho ambayo hakuna aliyeyaomba, likawashusha mbele ya safu ya mahema ya saruji yaliyopakwa rangi yafanane na sufu. Kupanda farasi kulilipiwa, kisha kukalipiwa tena kilima cha pili, na tena cha tatu. Mwezi wenyewe ulikuwa Mei. Majani yalikuwa hayajaota. Uwanda wote ulikuwa rangi ya mkeka mkuukuu, na upepo ukibeba mchanga.

Lawama si za wakala peke yake. Mwenzenu aliufanya mji kuwa stendi ya kwendea kwenye majani. Usiku alirudi, akalala, asubuhi akapanda treni, na mambo yote yenye kusimulika aliyaacha mitaa michache kutoka hotelini. Ndiyo maana mpango huu mpya umegeuzwa: siku tatu za mji, mbili za nyika, na shangazi asipinge kabla hajasoma hadi mwisho.

Jina Hohhot ni la Kimongolia, Khökh Khot, mji wa buluu. Aliyeuanzisha ni Altan Khan, mkuu wa Watumed na mjukuu wa mbali wa Genghis. Mwaka 1550 wapanda farasi wake walifika hadi viungani mwa Beijing wakachoma na kupora. Kwa miaka mingi alikuwa akidai jambo moja tu, soko. Mfugaji ana farasi, ngozi na maziwa. Hana kitambaa, hana sufuria, hana nafaka. Watawala wa China wa wakati huo, wa nasaba ya Ming, walimfungia biashara, naye akawabomolea ukuta. Mwaka 1571 walipatana, masoko ya farasi yakafunguliwa mpakani, na mtu aliyezaliwa hemani akaanza kujenga kwa tofali. Mwaka 1575 Beijing iliupa mji jina la Kichina, Guihua, yaani kurudi kwenye ustaarabu. Kebehi hiyo ilidumu hadi 1954, mji uliporudishiwa rasmi jina lake la Kimongolia.

Altan alikufa miaka michache baada ya mji kupewa jina la Guihua. Amani ile ilishikwa na mkewe, ambaye Wachina humwita Sanniangzi, Bibi wa Tatu, na kwa muda mrefu watu waliuita mji kwa jina lake. Shangazi, anayejua nani hasa hushika nyumba baada ya mazishi, atapenda kusikia hivyo.

Kuna neno moja ambalo mtu wa pwani hawezi kulipita. Mwaka 1578, karibu na ziwa Qinghai, Altan Khan alikutana na mtawa mkuu kutoka Tibet, Sonam Gyatso, akampa cheo cha Dalai Lama. Wengi hudhani "dalai" ni neno la Kitibet. Ni la Kimongolia, na maana yake ni bahari. Watu wanaoishi mwendo wa siku nyingi kutoka pwani walipotafuta neno la kumwelezea mtu mwenye elimu ya kina kisichopimika, wakachukua bahari. Aliporudi, Altan alijenga hekalu la Dazhao, lililokamilika mwaka 1580, na ndani yake akawekwa Budha wa fedha ambaye Sonam Gyatso mwenyewe alikuja kumbariki mwaka 1586. Hekalu lipo, Budha yupo, na ubani unafuka tangu asubuhi. Kamera izimwe mlangoni mwa kumbi, na mzunguko ufuate upande wa mkono wa saa.

Ng'ambo ya barabara liko Xilitu Zhao. Jina lake linatokana na neno la Kimongolia lenye maana ya mwenye kiti, kwa sababu mkuu wa hekalu hili aliwahi kukalia kiti cha Dalai Lama. Dalai Lama wa nne, Yonten Gyatso, aliyezaliwa mwaka 1589, alikuwa Mmongolia, kitukuu wa Altan Khan, na alitolewa huku kupelekwa Lhasa akiwa bado mtoto.

Lakini pakitakiwa kuchaguliwa pahali pamoja tu, mwenzenu angechagua hekalu la Pagoda Tano, la miaka ya 1720. Ni dogo, halina kelele, na kuta zake zimechongwa maandiko kwa hati tatu: Kimongolia, Kitibet na Kisanskriti. Nyuma yake kuna ramani ya nyota iliyochongwa juu ya jiwe, duara pana kama meza ya watu wanne, na majina yote ya nyota yameandikwa kwa Kimongolia. Wafugaji waliosafiri usiku walizihitaji nyota kama nahodha wa jahazi alivyozihitaji. Mara ya kwanza mwenzenu alipita nje ya ukuta huo akiwa anatafuta soda.

Hati hiyo ya Kimongolia iko kila mahali mjini: juu ya maduka, kwenye vibao vya mitaa, kwenye treni ya chini ya ardhi iliyofunguliwa mwishoni mwa 2019. Huandikwa kutoka juu kwenda chini, kama kamba za samaki waliotundikwa. Nchi huru ya Mongolia ilihamia herufi za Kirusi miaka ya 1940, kwa hiyo mgeni kutoka Ulaanbaatar anaweza kusimama hapa mbele ya maandishi ya babu yake na kuyasoma kwa shida. Huku herufi zimebaki, lakini mwaka 2020 serikali ilipohamishia Kichina masomo matatu katika shule za Kimongolia, wazazi waliandamana na wengine wakawazuia watoto nyumbani. Kibao cha mtaa hakitamwambia mgeni habari hiyo.

Sasa mama, ambaye kila simu huuliza mwanawe anakula nini. Kuhusu Hohhot awe na amani. Mtaa wa Waislamu wa Kihui uko jirani na mji wa kale, na Msikiti Mkuu wake ulijengwa mwaka 1693. Asitafute kuba: paa ni la Kichina lenye kona zilizoinuka, kuta ni za tofali la kijivu, na mnara uliongezwa miaka ya 1930. Neno la kukariri ni qingzhen, ndilo halali kwa Kichina, na hapa halihitaji kutafutwa mtaa kwa mtaa kama kwingine.

Chakula cha asubuhi ni shaomai. Mtu aifikirie sambusa ya nyama ya kondoo na kitunguu isiyofungwa mdomo, ngozi yake nyembamba kama karatasi, imepikwa kwa mvuke, inaliwa na siki na chai nzito ya matofali. Huuzwa kwa liang, kipimo cha gramu 50, na hapo ndipo wageni hunaswa. Gramu hizo ni za unga wa ngozi peke yake, nyama haimo. Liang moja ni shaomai nane. Kijana wa Mwanza aliyefuatana na mwenzenu aliagiza liang tano, akijiona mnyenyekevu, zikaja shaomai arobaini. Mhudumu hakushangaa hata kidogo.

Chai ya maziwa ya Wamongolia ina chumvi. Shangazi ameonywa. Hutiwa punje za nafaka zilizokaangwa, siagi na vipande vya jibini kavu, na ukiisahau sukari kichwani mwako ni supu nzuri ya asubuhi ya baridi. Mji huu ni ngome ya maziwa ya China nzima: kampuni kubwa mbili za nchi, Yili na Mengniu, makao yao ni hapa. Kinywaji kingine ni maziwa ya farasi yaliyochachushwa, ambayo yana kilevi kidogo na kwa hiyo nyumbani kwetu hayataonjwa. Ibn Battuta, yule aliyelala Mombasa usiku mmoja akienda Kilwa mwaka 1331, aliyaonja miaka michache baadaye katika kambi ya Sultani Uzbek Khan, Mmongolia wa magharibi aliyetawala kaskazini ya milima ya Kaukasi. Hakuyapenda. Kilichomvutia ni kambi yenyewe, mji mzima ukihama juu ya magari ya kukokotwa, na misikiti na masoko yake, moshi wa majiko ukipanda angani huku watu wakisafiri.

Haya, majani. Kati ya mji na nyika imelala milima ya Daqing, na ndiyo inayowadanganya wageni: upande wa mji ni mashamba na viwanda, upande wa pili ndiko nyika inakoanzia. Xilamuren iko karibu zaidi, kilomita zisizofika 100, na ndiko waendako karibu wote, pamoja na saruji yao. Gegentala ni mbali kidogo na inahitaji kulala. Mwenzenu amechagua ya pili, kwa familia inayofuga, hema la sufu, choo cha nje. Kaka ameguna. Shangazi, aliyekulia Handeni, amesema choo cha nje si habari. Majani huwa mazuri kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Agosti, mvua inaponyesha. Septemba yanaanza kubadilika. Usiku ni baridi hata Agosti, maana uwanda uko juu kupita mji, na mji wenyewe uko mita 1,000 na ushei. Sweta mbili, si kanga tatu.

Siku ya mwisho ya mji imeachwa kwa kaburi la Wang Zhaojun, kilima cha udongo cha mita 33 kusini mwa mji. Mwaka 33 kabla ya Kristo binti huyo wa jumba la mfalme aliozwa kwa mkuu wa Waxiongnu, wafugaji wa nyika, ili kuimarisha amani. Washairi wa China wamemlilia kwa miaka elfu mbili. Makumbusho ya pale humsifu kama bibi harusi wa amani. Shangazi ataamua mwenyewe, na mkalimani ajiandae.

Yaliyobaki ni ya karatasi. Pasi za Tanzania na Kenya zinahitaji viza ya China, nayo iombwe mapema. Pesa mfukoni haisaidii sana; watu hulipa kwa simu, kwa hiyo Alipay iwekwe kabla ya kuondoka, na WhatsApp huku imefungwa, familia isije ikadhani watu wamepotea. Treni ya kasi kutoka Beijing huchukua saa mbili na dakika kadhaa, mahali ambapo zamani ilikuwa nusu siku. Njiani hupita chini ya Ukuta Mkuu pale Badaling, ambako kituo kimechimbwa zaidi ya mita 100 ardhini. Huo ukuta hautaonekana, kaka asikae dirishani na kamera bure.

Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla, Agosti huisha haraka, na kila jina hufungwa na namba ya pasi. Shangazi atume tena picha ya pasi yake. Ule ukurasa wenye namba, tafadhali, siyo jalada kama mara iliyopita.

Wasalaam,
Mwenzenu wa Beijing