Sheria za Mchezo Pindeni, Lakini Muambiane Kabla ya Kugawa Kadi

Wacha niseme mapema ndio mtu asikasirike katikati: sheria za mchezo zinafaa kupindwa. Za kadi, za drafti ya vifuniko vya soda pale steji ya boda, hata za ile michezo ya mezani yenye dadu na majoka. Si kila siku na si kila sheria. Lakini yule msee anatetea kila kitu kama katiba ndiye hufanya wengine watoe simu mfukoni.

Angalieni kadi. Wengi tunaiita poker, ingawa na ile ya kasino haina undugu. Unapewa kadi nne, unafuata namba ama alama iliyo chini. 2 na 3 zinaokotesha, joka inaokotesha tano, J inaruka mtu, K inarudisha mchezo nyuma, Q na 8 ni swali linalotaka jibu. Kabla umalize lazima useme "niko kadi". Mpaka hapo tuko pamoja. Sasa wekeni meza moja mtu wa Mwingi, mtu wa Kibwezi na binamu wa Nairobi aliyekuja likizo ya Desemba. Dakika kumi za kwanza ni kesi. Nikiwekewa 2, naweza kuweka 2 yangu juu anayefuata aokote nne? A inazuia? Kila mtaa ni mahakama yake, na ndio maana kadi haijawahi kuchosha.

Hata michezo yenye kitabu iko hivyo. Mwaka wa 2019 wenye Uno walitangaza Twitter kwamba ukiwekewa +4 huwezi kuongeza +2 juu. Unaokota nne na unapitwa. Watu wakacheka, wakaendelea kucheza vile wamezoea.

Sasa tuje kwa michezo ya kuigiza. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka wa 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anasimamia hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu. Kama huna ile dadu ya pande ishirini, tumia programu ya simu, ama andika namba 1 hadi 20 kwa vikaratasi uvitie kwa kofia. Kuna mtu atasema hiyo si halali. Gygax mwenyewe, kwa kitabu cha wasimamizi cha 1979, aliandika kwamba roho ya mchezo ndiyo muhimu kuliko herufi ya sheria.

Chukua mfano. Hadithi yenu inavuka mto Athi usiku, kutoka upande wa Makueni kwenda Kitui. Rafiki yenu anacheza mganga wa mitishamba. Anarusha dadu, inatoka 1, mamba anamshika. Kitabu kinasema amekufa. Mmecheza dakika ishirini tu, na amelipa nauli kutoka Emali mpaka Wote ndio mcheze pamoja. Sasa akae masaa matatu akiwatazama? Mimi nasema mamba achukue mkoba wa dawa. Mganga anaishi, lakini huko mbele mtu akijeruhiwa hakuna dawa. Hasara iko, na rafiki bado yuko mezani.

Lakini usimwokoe kila mara. Wakishajua hakuna mtu atawahi kufa, hakuna atakayeogopa mto, na bila hofu ushindi hauna ladha.

Na kuna watu watauliza: si sheria ndio inalinda mnyonge? Kweli kabisa. Hapa ndipo sitaki mchezo. Sote tumeona mtoto mdogo akisema "niko kadi", amebaki na moja, halafu ndugu mkubwa anakumbuka sheria ambayo haikuwepo tangu asubuhi. "Huwezi malizia hiyo, okota." Mtoto hana wa kumtetea, anaokota. Huko si kupinda sheria, ni kuiba kwa sauti kubwa. Mgeni naye, kama yule msichana amekuja kucheza mara ya kwanza kati ya vijana watano wanaojuana, atajuaje kama ni desturi yenu ama mmeitunga sasa hivi?

Kwa hivyo mimi napima hivi: nani anafaidika? Kama anayependekeza mabadiliko ndiye anaelekea kushinda nayo, hapana. Kama yanamrudisha mezani mtu aliyekuwa anatoka, na wengine wamekubali, twende. Na kama kuna pesa hapo katikati, hata kama ni ya soda tu, mchezo uishe kwa sheria mlizoanza nazo. Mnaweza kubadilisha raundi ijayo.

Likizo ijayo mkikaa chini ya mwembe na pakiti ya kadi, kabla ya kugawa, mmoja aulize: leo tunacheza ya wapi? Muanze na yule mdogo ama mgeni, aseme vile anajua. Itawachukua dakika mbili, na hakuna mtu ataokoteshwa na sheria iliyozaliwa akikaribia kushinda.

Haya, nyinyi kwenu 2 juu ya 2 inaruhusiwa ama mnaokota tu mkinyamaza?