Fyuzi Ikiungua, Usiilaumu

Wapenzi akina mama, mwezi huu hatuzungumzii jiko wala cherehani. Tunataka kuzungumza juu ya gari. Tunajua wengine wenu mtasema, "Hayo ni mambo ya baba watoto." Hata sisi tulikuwa tukisema hivyo hivyo, mpaka usiku mmoja tulipojikuta kando ya barabara tukiwatoa watoto ndani ya gari lililojaa moshi. Tangu usiku ule tumebadili usemi.

Sisi tunaoandika ukurasa huu ni mtu na wifi yake. Tunakaa Tanga mjini, nyumba jirani, na gari letu ni moja tu. Mwenye kuliendesha ni baba watoto, ambaye ni mume wa mmoja wetu na kaka wa mwingine. Ni gari dogo lililotoka Japani likiwa limekwisha kutumika, na sasa lina miaka 24. Injini yake ni nzima, haitoi moshi wala hailambi mafuta. Ndiyo sababu hatukulitilia shaka. Hatukujua kwamba injini huzeeka kivyake na nyaya za umeme huzeeka kivyake.

Jinsi mambo yalivyoanza

Kwa muda wa miezi miwili taa za nyuma zilikuwa zikizimika. Baba watoto alikuwa akifungua kijisanduku kilicho chini ya dashibodi, anabadili fyuzi, taa zinawaka. Baada ya siku tatu au nne zinazimika tena. Mmoja wetu aligundua kwamba mara nyingi zilizimika baada ya buti kufungwa kwa nguvu. Lakini alinyamaza, kwa kuwa aliona si mahali pake kumfundisha mwanamume mambo ya gari.

Hatimaye tulilipeleka gari kwa fundi. Fundi yule alikuwa na haraka. Alitoa fyuzi ndogo nyekundu, akaweka ya kijani, akasema, "Mama, hii sasa haitawasumbua tena." Tukamlipa na kumshukuru.

Alisema kweli. Fyuzi haikuungua tena. Kilichoungua ni waya.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Korogwe kumjulia hali bibi. Kabla ya kuondoka tulisali, kama ilivyo desturi yetu, na hilo hatulijutii. Tunachojutia ni kwamba kwa siku tatu tulikuwa tumesikia ndani ya gari harufu kama ya kitana kilichoangukia kwenye jiko la mkaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeitaja. Kila mmoja alidhani inatoka nje.

Wakati wa kurudi tulisimama Muheza tukanunua machungwa, tukajaza buti hata likafungwa kwa kusukumwa. Giza lilikuwa limekwisha kuingia. Tulikuwa hatujafika Pongwe wakati moshi ulipoanza kutoka chini ya dashibodi. Mara taa zote za mbele zikazimika, na baba watoto akalipeleka gari kando kwa kukisia tu.

Hapo ndipo tulipopata hofu ya kweli. Mmoja wetu alikuwa nyuma, kati ya watoto wawili, na mdogo wao alikuwa amelala. Alivuta kitasa cha mlango, mlango haukufunguka. Tulikuwa tumesahau kwamba tuliweka ile kufuli ya watoto, ambayo huufanya mlango wa nyuma usifunguke kwa ndani. Akabonyeza swichi ya dirisha, dirisha halikushuka, kwa maana ni la umeme na umeme wenyewe ndio ulioharibika. Aliyekuwa mbele akashuka mbio, akazunguka na kufungua kwa nje. Labda hazikupita nusu dakika, lakini mama anayesikia mtoto akikohoa gizani hahesabu kwa saa.

Watoto walipokuwa salama mbali na gari, baba watoto, ambaye hakuona mwali wa moto, alichukua spana namba 10 akalegeza waya wa betri. Moshi ukakoma. Hatukupata jeraha lolote. Wengine hawakuponea hivyo.

Fyuzi ni mlinzi

Siku mbili baadaye fundi umeme wa magari, mtu mzima mwenye subira, alituonyesha chanzo. Kwenye bawaba za buti hupita nyaya za taa ya namba ya gari. Buti likifunguliwa na kufungwa kwa miaka mingi, nyaya hizo hujikunja na kujikunjua mpaka ngozi yake ikapasuka. Waya mmoja ulikuwa umebaki uchi, mahali padogo kama punje ya mchele. Kila ulipogusa bati ulipiga shoti, na fyuzi ikaungua. Machungwa yetu yalizidi kuubana kwenye bati.

Sasa tuelewe kazi ya fyuzi. Ndani yake mna ufito mwembamba wa madini. Umeme ukipita kiasi, ufito huo huyeyuka upesi na kuukata umeme kabla waya haujapata moto. Kwa hiyo fyuzi inayoungua mara kwa mara si mbovu. Ni mlinzi anayepiga kelele kwamba kuna mwizi. Sisi tulimfukuza mlinzi kwa sababu ya kelele zake, tukaajiri mwingine aliye kiziwi.

Fyuzi zilizo nyingi katika magari ya miaka hii hutambulikana kwa rangi: nyekundu ni ampea 10, bluu ni 15, njano ni 20, nyeupe ni 25, na kijani ni 30. Waya wa taa zetu za nyuma ulitengenezwa kwa ampea 10. Ulipowekewa fyuzi ya 30, uliruhusiwa kupitisha umeme mara tatu ya kiasi chake. Fundi alitueleza kwamba umeme ukiongezeka mara mbili katika waya ule ule, joto huongezeka mara nne, na ukiongezeka mara tatu, joto huwa mara tisa. Mpira wa waya hauwezi kustahimili hayo. Huyeyuka, ukayeyusha na wa jirani yake, kwa kuwa nyaya zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Ndiyo maana taa za mbele na madirisha yetu vilikufa pia. Kufunga karatasi ya sigara au uzi wa shaba mahali pa fyuzi ni vibaya zaidi, maana hapo hakuna mlinzi kabisa.

Dalili ya mvua ni mawingu

Gari lililozeeka halizimiki ghafla bila kutoa habari. Joto la injini, mafuta, mtikisiko na hata meno ya panya huharibu ngozi ya nyaya mwaka baada ya mwaka. Sisi tulio pwani tuna na hewa ya chumvi, ambayo hula vichwa vya betri na maungio ya nyaya. Basi, dada msomaji, ziangalie dalili hizi:

Harufu ya mpira au plastiki inayoungua, hata kidogo, hata mara moja.

Fyuzi ile ile kuungua mara ya pili. Mara ya kwanza huenda ni ajali, mara ya pili ni ugonjwa.

Taa zinazofifia gari likisimama na kung'aa likikanyagwa mafuta.

Swichi au plagi ya kuchajia simu iliyo moto ukiigusa.

Unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri.

Betri inayokwisha nguvu usiku ingawa hakuna kilichoachwa kikiwaka.

Taa nyekundu yenye picha ya betri kuwaka wakati gari linakwenda. Maana yake kwa kawaida ni kwamba altaneta haichaji, na mnakwenda kwa akiba ya betri peke yake. Ikiwa ni usiku, zimeni redio na feni, mtafute mahali penye watu na mwanga kabla taa hazijazimika.

Fundi mwenye kipima volti aweza kupima jambo hili kwa dakika chache. Betri nzima iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, huonyesha volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka, yafaa ipande kufikia kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, altaneta au nyaya zake zina kasoro. Ikipita sana hapo, betri yaweza kuchemka na taa kuungua.

Jihadharini pia na vitu vinavyoongezwa: redio kubwa, king'ora, taa za ziada. Vingi hufungwa kwa kusokota waya na kuzungushia tepu nyeusi, ambayo kwa joto letu hubanduka. Kila kifaa cha namna hiyo kiwe na fyuzi yake mwenyewe, tena iwe karibu na betri.

Pete, bangili na funguo

Yako mambo mawili yanayotuhusu sisi wanawake hasa. La kwanza ni vidani vyetu. Volti 12 hazitupi mtu kama umeme wa nyumbani, lakini betri yaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Pete au bangili ikigusa kichwa cha betri na bati kwa pamoja, hupata moto mkali na kuunguza mpaka nyamani. Vua kabla hujaingiza mkono chini ya boneti. Na kumbuka kwamba betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Usilete kiberiti wala taa ya moto hapo. Waya wa kuondoa kwanza ni ule wa hasi, na ndio wa kurudisha mwisho.

La pili ni rundo la funguo. Wengi wetu tunaning'iniza ufunguo wa gari pamoja na wa nyumba, wa duka, wa kabati na mapambo juu yake. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani ilirudisha gereji magari yapatayo milioni 2.6, kwa sababu swichi ya ufunguo iliweza kuteleza na kuzima gari likiwa katika mwendo. Usukani ulikuwa mzito, na mifuko ya hewa ya kukinga abiria haikufunguka. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Wenye magari hayo waliambiwa waache ufunguo wa gari peke yake mpaka swichi ibadilishwe. Magari yetu si yale, lakini swichi iliyozungushwa kwa miaka 20 nayo huchakaa. Ufunguo wa gari na ukae peke yake.

Moshi ukitokea

Zungumzeni nyumbani kabla, siyo wakati wa moshi. Simamisheni gari, zimeni kwa ufunguo, tokeni wote. Anayekaa mbele ajue kuwa kazi yake ya kwanza ni kufungua milango ya nyuma kwa nje. Kaeni mbali, hatua 30 au zaidi, upande usio wa magari yapitayo. Ikiwa moshi unatoka chini ya boneti, msiifungue wazi, maana hewa itauchochea moto. Msirudi kuchukua mkoba. Kizimamoto kidogo kikae mahali panapofikika, si chini ya magunia ndani ya buti kama tulivyokuwa tumekiweka sisi.

Neno la mwisho

Kutengeneza punje ile ya waya kungalichukua robo saa. Badala yake ilibidi kubadili fungu zima la nyaya, na gari lilikaa kwa fundi wiki mbili. Hakika usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini hasara ya fedha si ndiyo inayotuuma. Yaliyotuuma ni maneno ya baba watoto, siku tulipomweleza habari ya buti na ya harufu. Hakukasirika. Alisema tu, "Kwa nini hamkuniambia?" Hatukuwa na jibu. Yeye huendesha akiwa na macho barabarani. Sisi ndio tunaokaa na watoto, ndio tunaofunga buti, ndio wenye pua iliyozoea kutambua kinachoungua hata tukiwa chumba cha pili. Kumwambia mume, "Nasikia harufu, tusimame," si kumdharau. Ni kumsaidia.

Basi tunawaomba mfanye jambo moja juma hili. Mketi pamoja na baba watoto, mfungue kile kijisanduku cha fyuzi. Kwenye kifuniko huenda maandishi ni ya Kijapani, kama ya kwetu, lakini tarakimu ni zile zile tunazozijua. Linganisheni namba ya kila fyuzi na namba iliyoandikwa mahali pake. Mkikuta kijani palipoandikwa 10, msingoje safari nyingine. Irudisheni nyekundu, na ikiungua tena, mtafuteni fundi atafute mwizi, asimfukuze mlinzi.

Mpaka mwezi ujao, safari njema.