Kioo cha Gemu Suneka: Tuchague kwa Macho ya Wengi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, kizuri hakiwezi kujiuza ikiwa kimefungwa katika boksi linalofanana na la kibaya, na sifa za vyote viwili zimeandikwa kwa herufi mbili tatu asizozielewa mnunuzi. Hiyo ndiyo hali inayomkabili kijana anayetaka kununua vioo vya kuchezea gemu. Makala haya yananuia kujadili aina ya kioo inayofaa mabanda ya gemu ya Suneka. Aidha, yananuia kuonyesha kwamba suala hili, ambalo huenda likadhaniwa kuwa la mafundi pekee, linatuhusu sisi wana-Kiswahili.

Suneka ni kituo cha biashara kilichoko kando ya barabara kuu itokayo Kisii kuelekea Migori. Banda la gemu la huko, kama la vituo vingi vya nchi yetu, ni chumba cha mabati chenye benchi, mashine za PlayStation na vioo vyake. Wachezaji wawili huketi mbele. Wanaosubiri zamu hujipanga kando na nyuma yao. Mlango huachwa wazi mchana kutwa ili hewa na wateja waingie. Mtaji wa biashara kama hii aghalabu ni mkopo wa chama au fedha za ndizi alizouza mzazi. Kwa hivyo, anayenunua kioo kisichofaa hupoteza jasho la watu wengi.

Tuanze na maumbile ya vioo vyenyewe. Vingi vya kisasa hutumia fuwele za kimiminika: taa huwekwa nyuma, nazo fuwele huruhusu au huzuia mwanga kupita. Aina tatu kuu hutofautiana kwa namna fuwele hizo zinavyokaa. Katika TN, iliyovumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, fuwele hukaa katika msokoto. Kioo hiki ni rahisi na chepesi kubadilisha picha, lakini ukikitazama kutoka upande au chini rangi zake hugeuka. Katika VA, fuwele husimama wima na kuziba mwanga barabara, hivyo weusi wake ni weusi wa kweli. Weupe wa kioo cha VA aghalabu hung'aa mara 3,000 au zaidi kuliko weusi wake, ilhali wa IPS hung'aa takriban mara 1,000. Dosari ya VA ni kwamba vitu vyeusi vinapokwenda kasi huacha kivuli nyuma, na anayetazama kutoka kando huona picha iliyopauka. Katika IPS, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Hitachi mwaka 1996, fuwele hulala sambamba na kioo na hugeuka zikiwa zimelala. Kwa sababu hiyo rangi hubadilika kidogo sana hata mtazamaji akiwa kando kabisa. Aina ya nne, OLED, haina taa ya nyuma. Kila nukta hujitolea mwanga wake.

Ushauri unaoenea kuhusu vioo vya gemu huandikwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani mwake, mbele ya kompyuta yenye nguvu. Huyo huambiwa atafute kasi kabla ya kitu kingine chochote. Kwetu, ushauri huo ni nguo ya kuazima, nayo, kama tujuavyo, haisitiri. Ninatoa sababu tatu.

Kwanza, kasi ya kioo haiwezi kuizidi kasi ya mashine. PlayStation 3 na PlayStation 4 hutoa picha zisizozidi 60 kwa sekunde, kumaanisha kuwa kila picha hukaa takriban milisekunde 16.7. Anayeziunganisha na kioo cha picha 144 au 240 kwa sekunde amelipia mbio ambazo hatazikimbia. PlayStation 5, iliyotolewa mwaka 2020, inaweza kufikia 120, lakini mpaka gemu na kioo viikubalie. Isitoshe, ile "milisekunde 1" inayotangazwa kwenye boksi aghalabu hupimwa katika hali teule, si katika matumizi ya kila siku.

Pili, mchezo wetu ni wa benchi. Wachezaji wawili wa kandanda hawawezi wote kuketi katikati ya kioo kimoja. Kwa TN, au hata VA ikiwa kioo kiko karibu, mmoja ataona jezi zilizopauka huku mwenzake akiziona zikiwa kamili. Watazamaji, ambao ndio wateja wa zamu ijayo, wataona vibaya zaidi. Hapo IPS haina mpinzani.

Tatu, mwanga wa mlangoni. Weusi mzuri wa VA huonekana katika giza. Mwanga wa jua ukiangukia kioo, faida hiyo humezwa. Katika banda lililo wazi, afadhali kioo kinachong'aa vya kutosha na ambacho uso wake haurudishi taswira kama maji ya kisima. Na OLED je? Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Picha yake haina kifani, lakini bei iko juu, na ubao wa mabao unaokaa pembeni mwa picha kutwa nzima, siku baada ya siku, unaweza kuacha alama ya kudumu.

Sisemi kwamba IPS inafaa kila mtu. Anayecheza peke yake nyumbani, tena usiku, anaweza kuridhika na VA. Asiye na uwezo ila wa TN iliyokwishatumika, naye anacheza akiwa ameketi mbele yake, hana cha kujutia. Hoja yangu ni kwamba banda ni mahali pa wengi, na kioo chake kichaguliwe kwa macho ya wengi.

Sasa nirejee kwetu. Wachongaji wa Tabaka hulijua jiwe la sabuni kwa ugumu na rangi yake kabla ya kulitia patasi, na maarifa hayo hupokezanwa kwa lugha wanayoielewa. Mnunuzi wa kioo hana bahati hiyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji bidhaa haki ya kupata habari zitakazomwezesha kunufaika kikamilifu na bidhaa hizo. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Habari asizozielewa mtu ni habari gani?

Hatukosi hazina. Neno kiwambo latokana na kuwamba, yaani kuvuta ngozi juu ya ngoma ikakaza. Programu ya Jambo OpenOffice ya mwaka 2004 ilithibitisha kwamba kompyuta inaweza kuzungumza Kiswahili. Kwa nini basi tusiseme kioo cha msokoto, cha wima, cha mlalo na cha kujimulika? Majina haya hueleza kazi, na anayeyasikia huanza kuuliza maswali yanayofaa. Ila tusiishie kuyapanga katika orodha za istilahi ambazo hazitoki maktabani.

Ninapendekeza chama chetu kiandae karatasi moja tu, kwa Kiswahili chepesi, ya kubandikwa madukani na mabandani. Imwambie mnunuzi aombe kioo kiwashwe kabla ya kulipa. Akitazame akiwa mbele, kisha asogee kando mpaka mwisho wa benchi, kisha achuchumae. Rangi zikigeuka, akiache. Aulize mashine yake hutoa picha ngapi kwa sekunde, wala asilipie zaidi ya hapo. Taaluma ya lugha itakayomwokolea kijana wa Suneka mtaji wake haitahitaji kutetewa na mtu.