Programu za Zamani na Kompaila za Leo: Kunyamazisha Onyo si Kutengeneza

Jambo moja huwashangaza wanafunzi wengi wanaoanza kujifunza lugha ya C. Programu iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka katika kitabu cha miaka ya 1980, ambayo hapo zamani ilifanya kazi bila taabu, hukataliwa na kompaila ya leo kwa orodha ndefu ya makosa. Wengine husema kitabu kimekosea. Wengine husema kompaila imeharibika. Yote mawili si kweli, na yafaa mwalimu aweze kueleza sababu.

Kompaila ni programu inayofasiri matini iliyoandikwa na mtu na kuigeuza kuwa amri zinazofuatwa na kompyuta. Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, mnamo mwaka 1972 hivi. Kitabu alichoandika pamoja na Brian Kernighan mwaka 1978 kilitumika kama sheria ya lugha hiyo mpaka kanuni sanifu ya kwanza ilipotolewa mwaka 1989. Katika zama hizo mwandishi aliruhusiwa kuacha mengi bila kuyasema. Asipotaja aina ya jibu la funksheni, kompaila ilidhani kwamba ni namba kamili. Akiita funksheni isiyotangazwa, kompaila ilidhani vivyo hivyo na kuendelea na kazi. Kanuni ya mwaka 1999 iliondoa ruhusa hizo mbili. Hata hivyo, kompaila mashuhuri ya GCC iliendelea kuzivumilia kwa kutoa onyo tu, hadi toleo lake la 14 la mwaka 2024 lilipoyafanya maonyo hayo kuwa makosa.

Uvumilivu huo ulikuwa na madhara. Tuseme programu ina mafaili mawili. Katika faili la pili mna funksheni iitwayo wastani, ambayo hutoa jibu lenye desimali. Faili la kwanza linaiita bila kuitangaza. Kwa kuwa kompaila hufasiri kila faili peke yake, ikiwa katika faili la kwanza hudhani kwamba jibu ni namba kamili. Lakini katika kompyuta za kawaida za biti 64, namba yenye desimali hurudishwa katika rejista moja, na namba kamili katika rejista nyingine. Basi programu huchota jibu mahali pasipo na jibu. Haisimami wala hailalamiki. Huchapa namba, na namba hiyo ni ya uongo.

Hali kadhalika, funksheni inayorudisha anwani ya kumbukumbu hupoteza nusu ya anwani hiyo, kwa sababu anwani ina biti 64 na namba kamili iliyodhaniwa ina biti 32. Katika mashine za biti 32 kasoro hiyo haikuonekana, maana urefu wa vitu hivyo viwili ulikuwa mmoja.

Dawa inayopendwa na wengi ni kuiamrisha kompaila irudie mazoea ya kale kwa swichi -std=gnu89, kisha kuzima maonyo yote kwa swichi -w. Swichi ya kwanza inafaa kwa kuanzia: humwezesha mtu kujua kama kuna faili lililopotea. Swichi ya pili haifai kabisa, kwani huficha ugonjwa na kumwacha mgonjwa.

Watetezi wa njia hiyo husema kwamba programu iliyofanya kazi miaka 30 haifai kuguswa. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu mikono yenye haraka imeharibu mengi. Lakini programu hiyo ilifanya kazi katika mashine nyingine. Kuihamisha tu tayari ni kuigusa. Aidha, lugha haijasimama: GCC 15 ya mwaka 2025 hufuata kanuni mpya ya C23, ambayo imeondoa kabisa namna ya kale ya kuandika funksheni.

Anayetengeneza programu kuukuu afanye kama mtu anayenakili utenzi wa kale kutoka hati za Kiarabu, ambamo herufi moja yaweza kusomwa kwa sauti zaidi ya moja. Nakala ya asili huhifadhiwa bila kuguswa. Kila neno lenye shaka huamuliwa kwa maana yake, wala si kwa kubahatisha. Kwa programu, data ya majaribio itafutwe kwanza, pamoja na majibu yaliyohakikiwa kwa mkono. Kisha aina moja ya kosa irekebishwe kwa wakati mmoja, swichi ya -Wall ikiwa imewashwa, na majibu yalinganishwe kila mara.

Mwanafunzi naye atofautishe kosa na desturi ya mahali. Kichwa cha conio.h kilikuwa mali ya kompaila za DOS kama Turbo C. Hakikuwamo kamwe katika kanuni sanifu. Amri ya kufuta skrini iliyotoka humo yaweza kuondolewa bila kudhuru hesabu. Lakini funksheni isiyotangazwa haiondolewi wala haifichwi. Hutangazwa, na mwalimu ampe mwanafunzi nafasi ya kutafuta mwenyewe aina yake ya kweli.