Pesa ya simu haimalizi haki ya wazazi



Ijumaa hii tunawakumbuka wazazi waliobaki peke yao baada ya watoto wao kukua na kuondoka. Katika vijiji vya kando ya Reli ya Kati kama Munisagara, wilayani Kilosa, kijana hufuata riziki Morogoro au Dar es Salaam, na mzee hubaki na jembe lake.

Kuondoka si dhambi. Uislamu umehimiza kutafuta riziki ya halali. Anayekosea ni yule anayedhani kwamba akishatuma pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi, deni limekwisha.

Aya ya 23 ya Suratul Israa inapoamrisha wema kwa wazazi, inawataja wakifikia uzee wakiwa kwa mtoto wao, na inakataza hata kuwagunia. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Abu Daud, mtu mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) kutoa ahadi ya kuhama, hali amewaacha wazazi wake wakilia. Aliamriwa arejee akawafurahishe kama alivyowaliza. Ikiwa safari tukufu kama ile iliahirishwa, shughuli zetu za mjini zina udhuru gani?

Watu wa Kilosa hawajasahau mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, yaliyobomoa nyumba na kukata reli. Maji yakiingia ndani usiku, mzee asiyejiweza huhitaji mkono wa kumshika. Pesa iliyo kwenye simu haimbebi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 nayo iliitambua familia kuwa msingi wa matunzo ya wazee. Na tangu 2024 treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma ina kituo Kilosa. Safari imefupika, na udhuru nao umepungua.

Tunawanasihi ndugu wa tumbo moja wapange zamu: kila mwezi mmoja wao aende, alale japo usiku mmoja, akague paa, ampeleke mzazi zahanati, amsikilize. Nanyi wazazi, msichoke kuwaombea dua walio mbali.

Wabillahi Tawfiq.